Paka Niliyemkana Mbele ya Balozi

Wiki iliyopita nilitaka kumfunga mama wa watu kwa wizi wa paka.

Nalinda nyumba ya Mama Neema, Area D. Alipokwenda Mvumi kuuguza, aliniachia Sultani, paka wa Kiajemi mwenye manyoya marefu, akaonya kwamba paka akipotea na kazi imepotea. Shule niliikimbia, lakini aina za paka nimezisoma kwenye simu hadi nikajiona mtaalamu.

Siku hiyo nilitoka dukani nikakuta kwenye kiti cha Sultani kijipaka chembamba, hakina manyoya. Ufunguo mwingine anao jirani, Bi Zuhura. Nikajua tu: kamuuza wetu, katuletea wa jalalani.

Nikakibeba hadi mlangoni kwake, pamoja na balozi wa nyumba kumi. Majirani wakajaa.

“Shikamoo, Bi Zuhura. Sultani yuko wapi?”

“Marahaba. Si huyo umembeba?”

“Huyu? Kiajemi hana mbavu hizi!”

Akaingia ndani.

“Balozi, anatoroka!”

Akarudi na mfuko wa manyoya yaliyosokotana na mbigili.

“Mama Neema aliniomba nimpeleke akanyolewe. Haya, mtaalamu, mshonee.”