Fundo Jekundu la Kwaza

Wanafunzi wangu wa fizikia hapa Kisangani wamenicheka wiki nzima, basi chekeni na nyinyi. Siku ya kukaribisha wazazi niliombwa kueleza kwaza, ule moyo wa galaksi ya mbali unaorusha mkondo wa chembe mrefu kuliko galaksi yenyewe. Mkondo huo una mafundo yanayong'aa, na picha yangu kubwa ya plastiki ilikuwa na manne. Nilipoitundika nikakuta matano. La tano lilikuwa jekundu, nene, zuri kuliko yote.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimwona mkuu wa idara mstari wa mbele, nikakumbuka cheo ninachokisubiri, nikalieleza: mawimbi ya mshtuko, sumaku, donc, yaani, nguvu za kutisha!

"Assistant, mu kitabu hii fundo haiko," akasema mwanafunzi mmoja, Furaha.

"Kitabu hakina jicho la mtaalamu," nikamkata.

Mkuu akaanza kuandika. Hapo akainuka mama mkwe wangu, niliyemwalika ili anione. Asubuhi nilipotoka kwake Lubunga alinifungia liboke, samaki ndani ya majani, nami nilivuka mto kwa pirogi nimeipakata juu ya picha hiyohiyo.

Akalowesha kona ya kitenge chake kwa mate, akapangusa, fundo langu likaisha.

"Bokilo, mukwe wangu, hii iko mawese," akasema kwa upole, ukumbi mzima ukisikia. "Si nilikuambia usikulie liboke mu pirogi?"