Mama na Kandambili kwenye Karatasi Moja

Yule mteja mwenye pua nene hakuwahi kujua kwamba kile kilichochorwa kwenye kitambaa kidogo kilichobanwa kwa pini kiunoni mwa suruali zake kilikuwa pua yake mwenyewe. Alidhani ni pera.

"Nyie watu wa dobi," alisema siku moja akikagua mikunjo, "kila mteja mnampa tunda lake?"

Mfuaji, mzee waliyemwita Povu, aliinamia beseni ghafla kama aliyeangusha kitu. Mwanamke wa meza ya pasi hakucheka. Alimkunjia suruali zake vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ndiyo, baba. Lako pera."

Huyo mwanamke ndiye Mama Pasi. Hakuwa na mtoto aitwaye Pasi, wala mtoto mwingine yeyote. Jina lilitokana na kazi, likamkaa. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Kwao walizaliwa wasichana wawili, na baba yao alisema shule inatosha kwa mmoja. Akapelekwa mdogo. Mdogo akashika kalamu, mkubwa akashika mwiko, na baba akafa akiamini amegawa sawa.

Kwa hiyo alipoajiriwa kwa dobi, na kila nguo ikatakiwa jina la mwenyewe, Mama Pasi alichora. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ufunguo. Kinyozi alikuwa sikio. Mwalimu mmoja mwembamba alikuwa chelewa, kijiti cha ufagio. Alichorea kalamu ya dobi, ile ya wino mweusi usiotoka hata ukichemsha nguo siku nzima, na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na shati lililopotea njia.

Mwalimu chelewa ndiye aliyegundua. Alikuwa akifundisha kuchora, na mashati yake yalikuja na madoa ya kila rangi. Alipoona vile vitambaa vimetandazwa mezani, alisimama akavitazama kimoja kimoja, akajikuta mwenyewe, akacheka kwa sauti. Wiki iliyofuata alileta daftari la karatasi nene, boksi dogo la rangi za maji na brashi mbili. Masomo aliyompa yaliisha kabla shati lake halijapoa. "Anza na rangi nyepesi, nzito ije baadaye. Na nyeupe usiitafute kwenye boksi. Nyeupe ni karatasi yenyewe, iache."

Tangu hapo, kila siku saa sita, pasi zikiwekwa chini zipumzike, Mama Pasi alichora upande mmoja wa karatasi. Alichora kitu kilichokuwa mbele yake tu. Mikono ya Povu iliyokunjamana kwa sabuni. Kola kumi na mbili zimejipanga kama watu wanaosubiri daktari. Paka amelala kwenye kapu la nguo chafu. Mvuke ulimsumbua mwaka mzima, mpaka alipoelewa kwamba mvuke hauchorwi. Unachora kila kitu kingine, unauachia nafasi yake upite.

Karatasi ikilowa hujikunja kingo. Yeye alitandika kitambaa cha pamba juu yake, akapitisha pasi ya vuguvugu, ikanyooka kama shuka la hotelini. Povu hakuchoka kumtania.

"Wenzio wanapaka rangi kucha, wewe unapiga pasi picha."

"Na wewe ungepigwa pasi hilo paji la uso, mzee, ungeoa tena."

Karatasi nzuri haiokotwi, hivyo hakuacha upande mtupu. Cha leo mbele, cha kesho nyuma. Ndiyo ilikuwa desturi yake, na ndiyo iliyokuja kumsumbua.

Mdogo wake alikuja asubuhi ya Jumatatu, wakati mashuka ya nyumba ya wageni yamejaa meza. Alivua viatu mlangoni, kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa, akasimama peku na mkoba ameukumbatia kifuani. Miaka tisa hawakuwa wamesimama chumba kimoja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alijibu Mama Pasi, kwa sababu adabu haina kosa. Pasi hakuiacha.

"Umekonda."

"Moto huu. Wewe umenenepa."

Povu alibeba ndoo yake akaenda nje kuanika nguo ambazo hazijakamuliwa.

Mdogo alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alisema paa la kwake lilivuja mvua zilizopita, maji yakaingia kabatini, na picha ya mama, ile moja tu iliyokuwepo duniani, ikabaki karatasi ya kijivu yenye ukungu. Binti yake, aliyepewa jina la mama, humuuliza bibi alikuwaje.

"Juzi nimekaa nikajaribu kuikumbuka sura yake," alisema. "Nikaishia kwenye kitambaa cha kichwa. Dada, kitambaa nakiona mpaka maua yake. Chini ya kitambaa hamna mtu."

Mama Pasi aligeuza shuka.

"Najua ulimchora. Uani, na ungo wa maharage. Alinionyesha mwenyewe, alijivuna siku hiyo utadhani kachorwa kwenye noti. Niko chini ya miguu yako. Nipe ile picha."

"Mwenzio hajambo?" aliuliza Mama Pasi.

Mdogo alitazama sakafu. "Yupo. Anakoroma."

"Alikuwa anakoroma tangu kwangu." Alikunja shuka mara mbili, mara nne. "Rudi Alhamisi."

Si kwamba alikuwa na roho ya kumnyima mtu mama yake. Mama alikuwa wa wote wawili, ndicho kitu pekee ambacho baba hakukigawa. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa karatasi.

Miaka tisa iliyopita mama yao, mgonjwa na masikio yamekwisha kuwa mazito, aliletwa kukaa kwa mkubwa. Jumapili moja alikaa uani akichambua maharage, na Mama Pasi akamchora: kitambaa cha kichwa chenye maua mekundu, jicho moja limefumbwa kidogo kwa jua, midomo imekazwa kana kwamba kila jiwe kwenye maharage ni tusi lake binafsi. Haikuwahi kutokea picha bora kuliko hiyo mkononi mwake.

Siku ya pili umeme ulikatika kwa dobi, akarudi nyumbani mapema. Mama alikuwa uani na ungo wake. Ndani, mlangoni mwa chumba cha kulala, kulikuwa na viatu vya mumewe, na kando yake kandambili za mdogo wake, za mkanda wa bluu, mmoja umefungwa kwa pini ya dobi. Pini hiyo Mama Pasi mwenyewe ndiye aliyempa.

Hakubisha. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akafungua daftari, na kwa kuwa cha mkononi kilikuwa kalamu ya dobi, akachorea hiyo. Alichora viatu, akachora kandambili, akachora pini. Kisha akatoa boksi la rangi mkobani, akatia bluu kwenye mkanda, taratibu, rangi nyepesi kwanza. Alipomaliza aliondoka kwa kunyata, yeye mwenye nyumba, kama mgeni aliyekuja siku isiyo yake. Mwezi huohuo alihama na mama yake na meza ya pasi ya nyumbani. Miezi miwili baadaye akamzika mama.

Mdogo siku zote aliamini dada aliambiwa na majirani. Wala hakujua kwamba kuna mtu alikaa ukumbini muda wote ule, ameshika brashi. Hilo ndilo Mama Pasi hakutaka kulitoa. Mume alichukuliwa, nyumba ikafuata. Lakini lile benchi lilikuwa lake, na aibu ya kulikalia ilikuwa yake, na hakuona kwa nini amfungie mtu aende nayo.

Jumatatu hiyohiyo alijaribu kunakili. Aliweka daftari la zamani kando ya jipya. Mkono ulikataa. Mkono wake ulijua kuchora kilicho mbele ya macho, na picha si mtu; kila alichonakili kilitoka kama mwanasesere aliyevishwa kilemba.

Jumanne alifikiri kama mtu wa dobi. Doa ni doa. Lisilotoka kwa maji linatoka kwa moto. Aliikata karatasi kwenye daftari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akailaza, mama chini na kandambili juu. Akachukua sponji yenye maji kidogo, akaanza kufuta bluu. Bluu ilitoka! Akapata moyo. Akaongeza maji, akatandika kitambaa cha pamba, akashusha pasi ya moto kuliko kawaida ili kitambaa kinyonye kile kilichobaki.

Aliponusa karatasi inaanza kuungua, alinyanyua. Wino wa dobi ulikuwa palepale, mweusi, umenyooka, kila mstari wa mkanda unaonekana, pini ikiwemo. Aligeuza. Maji yalikuwa yamepita upande wa pili. Kitambaa cha kichwa kilikuwepo na maua yake. Ungo ulikuwepo. Uso wa mama ulikuwa umeyeyuka ukawa wingu la kahawia.

Povu alimkuta amesimama na ile karatasi mkononi, pasi imeachwa juu ya shati la kinyozi.

"Mama Pasi, shati!"

"Liache liungue."

"Ni la kinyozi, bibi wee, yule anashika wembe!" Aliinyanyua pasi mwenyewe. Kisha akaiona karatasi, pande zote mbili. Akasema, "Umefua mama, umeacha doa."

Mama Pasi aliirudisha karatasi ndani ya daftari.

Alhamisi mdogo alikuja na fremu ya kioo, tayari kwa kutia picha. Akavua viatu mlangoni. Mama Pasi alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, akayakosa yote. Alimpa tu ile karatasi.

Mdogo alitazama upande wa mbele. "Na yako imeingiwa na maji?"

"Niliitia mwenyewe. Geuza."

Aligeuza. Aliangalia muda ambao mtu angeweza kupiga pasi mashati mawili. Kidole chake kikaenda kwenye pini, kikasimama hapo.

"Hizi ni zangu."

"Ni zako."

"Ulikuwepo."

"Kwenye benchi."

"Dada... mbona hukubisha?"

"Nibishe hodi kwenye chumba changu?"

Nje Povu alikuwa akipiga nguo kwenye jiwe, kisha akaacha kupiga. Mdogo alilia bila sauti, kichwa kimeinama, na ili aone vizuri katika machozi alifumba jicho moja kidogo, akakaza midomo.

Mama Pasi aliweka pasi chini.

Miaka tisa alikuwa amemkumbuka mdogo wake kwa sura ya msichana wa kandambili za bluu. Hakuwa amefikiri kwamba naye amezeeka, na kwamba uzee, ulipomshika, ungempeleka huko. Mashavu yameshuka. Mkunjo wa kushoto mdomoni upo. Jicho lilelile. Katika watu wote wa dunia hii, mama alikwenda kujiweka kwa huyu.

"Usifute uso," alisema. "Kaa hivyohivyo."

Alimfunga kichwani kitambaa cha kufunikia nguo. Maharage hayakuwepo, lakini lilikuwepo kopo la vifungo vilivyokatika kwenye nguo za watu na kukosa mwenyewe. Akavimwaga kwenye sinia, akamwekea mapajani. "Chambua."

"Nichambue nini?"

"Vyeupe na vyeusi. Unajua kusoma, utashindwa na vifungo?"

Mdogo alicheka kidogo, pua imeziba, akaanza kuchambua. Akakosea, akarudia, akakaza midomo. Mama Pasi akachora. Ilibidi amtazame, hapakuwa na namna. Paji la uso, kope, kovu dogo la kidevuni alilolipata akiwa na miaka minne, siku alipoanguka kutoka mgongoni mwa dada yake. Hilo la kovu alisita nalo. Mama hakuwa na kovu. Mwishowe akaliacha karatasi nyeupe, lipite kama mvuke.

Ilipokauka aliinyoosha kwa pasi ya vuguvugu, safari hii akibana pumzi, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyowakabidhi wateja.

"Huyu ni mama," mdogo alisema. "Mama mwenyewe. Ulimkumbuka vipi?"

"Sikumkumbuka. Ni wewe."

Mdogo alitazama tena. Akageuza nyuma, kwa woga, akakuta peupe.

"Umesamehe, dada?"

"Nimekupa mama," alisema Mama Pasi. "Mume ulijichukulia mwenyewe. Usiniombe vitu viwili kwa siku moja."

"Naweza kuja tena? Nimlete mtoto?"

"Mlango wa dobi uko wazi kwa kila mwenye nguo chafu." Kisha, kwa kuwa ilitoka kali kuliko alivyokusudia, akaongeza, "Saa sita huwa sina kazi nyingi."

Mdogo alibaki kidogo akiifunga picha kwa gazeti, na Povu akajitia kuingia kutafuta sabuni iliyokuwa mfukoni mwake. Mama Pasi alivuta daftari jipya. Kalamu ya dobi ilikuwa mezani karibu na mkono. Akaipita, akachukua penseli, akageukia mlangoni: viatu vyeusi vya mwanamke, kisigino cha kulia kimelika upande, vimepangwa vizuri kwenye sakafu iliyodekiwa.

"Vaa polepole," alimwambia mdogo wake bila kuinua kichwa. "Sijamaliza cha kushoto."