Linki ya Upande wa Ukuta

Gari langu lilianza kugonga mbele kila nilipopita matuta ya Hurlingham, ninakofanya kazi. Ko, ko, kisha kimya. Kwenye lami nyororo mlio ulipotea kabisa, nami nikawa tayari nimeanza kuuzoea. Aliyenizuia ni mama, aliyekuwa amekuja kutoka Kitui kukaa nami wiki chache.

"Ni nini hiyo inagonga?" aliuliza kila tulipotoka.

"Sijui, mama."

"Na hutaki kujua?"

Nilitaka sana. Miaka yote nilikuwa nikiwaachia mafundi gari asubuhi na kurudishiwa ufunguo jioni, bila kuona walichotoa wala walichotia. Safari hii niliamua kufungua mwenyewe.

Nilikwenda duka la spea karibu na River Road. Muuzaji aliniuliza, "Inagonga aje, madam?" Nikamwigia mlio kwa vidole juu ya kaunta. Akacheka, akaniwekea mbele kijiti cha chuma chenye kifundo cha mviringo kila upande. "Hiyo ni linki. Badilisha zote mbili, kulia na kushoto."

Jumamosi asubuhi nilitandika katoni chini ya gorofa yetu, Kilimani, kwenye nafasi yangu ya kuegesha. Mlinzi alikuja kuangalia. "Fanya tu, lakini usitoke nje ya hiyo laini yako. Na oil isimwagike." Upande wa kulia haukunisumbua. Shida ilikuwa kushoto, ambako ukuta uko karibu hivi kwamba mlango wa abiria haufunguki. Kuligeuza gari hakungesaidia, kwa sababu gurudumu lile lingeishia kwenye nguzo ya upande wa pili.

Niliinua gari kwa jeki, nikaweka stendi, nikajipenyeza kiubavu hadi nikalitoa gurudumu. Nati ya juu ikakataa. Niliizungusha, na msumari wa linki, ule wenye hesi, ukazunguka nayo. Ilibidi mtu aushike msumari kutoka chini ya gari huku mwingine akifungua nati kutoka upande wa ukuta, mahali ambapo viwiko vyangu havikuwa na pa kwenda.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akinitazama. Ni mwembamba, mfupi kuliko mimi. Sikumwomba chochote. Alisimama, akajifunga leso kiunoni, akaingia kwenye ule mwanya.

"Nipe hiyo spana. Nizungushe wapi?"

"Kushoto. Polepole. Na usiegemee gari."

Nililala chini, nikaushika msumari. Spana yake ilikuwa na nafasi ya kusogea kidogo tu kabla ya kugonga ukuta, kwa hiyo alikuwa akiitoa, anairudisha, anasukuma, anaitoa tena. Nilisikia pumzi zake. Kisha nikamsikia akicheka peke yake.

"Imekubali! Inakuja!"

Linki mpya nayo haikutaka kuingia. Tundu la chini, mwishoni mwa chuma kirefu, lilikuwa limekwenda mbali na mahali pake. Nilisukuma kwa mikono mpaka nikachoka. Nikaleta jeki ndogo, nikainua mkono wa chuma unaobeba gurudumu.

"Ngoja," mama akasema. "Kile chuma kirefu kinasogea. Kinaenda mpaka upande ule mwingine?"

Nikageuza kichwa, nikakifuata kwa macho. Kweli, kilipita chini ya gari lote, kikashikana na linki niliyoifunga upande wa kulia.

"Kumbe magurudumu yameshikana," mama akasema. "Moja likipanda, linamvuta mwenzake."

Nilikuwa nimeendesha gari lile miaka yote bila kulijua hilo. Niliendelea kuinua taratibu, naye akawa ananiambia, "Bado. Bado. Hapo!" Msumari ukaingia kwenye tundu bila kusukumwa.

Tulipomaliza kufunga, hakutoka mara moja. Alichuchumaa pale ukutani akitazama juu, kwenye springi na mipira na mabomba.

"Baba yako alikuwa analala chini ya lori lake kila Jumapili," alisema. "Nikimuuliza anaangalia nini, ananiambia nenda ukapike. Mimi nilidhani anatoroka kanisa." "Huku chini kuna mambo mengi. Angeniita tu."

Baba alikufa nikiwa chuoni, na sikuwahi kumuuliza chochote kuhusu lori.

Mchana tulipita barabara ya Argwings Kodhek. Kwenye tuta la kwanza tulitega masikio wote wawili. Gari likapanda, likashuka, bila neno. Mama akaniambia nirudi nipite tena. Nikarudi.

Linki moja ya zamani alikuwa nayo mapajani, ameiweka juu ya gazeti. Alikuwa akikichezesha kifundo chake kwa kidole gumba, akiisogeza sikioni.

"Hii naenda nayo nyumbani," akasema. "Wenzangu wa chama cha akina mama wataiona."

Kisha akainama kuelekea kwenye kioo cha mbele. "Na hizo breki, zenyewe zinashika aje?"