Jicho Lililokubali Harusi

Jicho langu la kushoto lilianza kukonyeza watu siku ile ile kifaa changu cha kusikia kilipowashwa. Nilikuwa nimekaa miaka tisa bila kusikia hata trekta, na huku Timau matrekta ya ngano hayana adabu. Madaktari walinipasua nyuma ya sikio, wakaingiza ndani waya mwembamba wenye vituo vidogo vya umeme, na kidonda kilipopona mtaalamu wa kusikia akawasha. Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita masikio yangu yalipoziba, alikuwa ameketi kando yangu.

"Baba, unanisikia?"

Nilimsikia. Jicho likafumba na shavu likavutwa juu, mara moja kwa kila neno.

Mtaalamu alieleza bila kupamba. Ugonjwa ulionifanya kiziwi ulikuwa umelegeza mfupa wa ndani ya sikio, kwa hiyo umeme wa vituo vya katikati ulivuja na kugusa neva ya uso inayopita jirani. Angeweza kuvizima. Uso ungetulia, lakini sauti ya binti yangu, ambayo iliingilia hapo hapo, ingesikika kama ya mtu mwingine. Nilikataa. Akapunguza nguvu kidogo, tukarudi nyumbani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na nimewachapa watoto wengi kwa kukonyezana darasani. Sasa kanisani kwaya ya akina mama ikianza tu, jicho nalo linaanza. Mke wangu alihamia benchi la mbele asionekane ameketi nami. Miezi ilivyopita shavu likaanza kuuma, hasa binti yangu akizungumza sana. Hilo sikumwambia mtu.

Kisha binti yangu akapata mchumba, kijana wa Manyatta, huko huko Embu alikokuwa akisomea uuguzi. Kabla wazee wa huko hawajaja kuleta mahari, aliniomba jambo moja tu: harusi ingoje amalize chuo. Nikamfikishia msemaji wetu, ambaye ni binamu yangu wa Meru mjini. Kwetu baba wa msichana hasemi siku hiyo. Msemaji ndiye husema, na jambo likiwa zito humtazama baba usoni apate neno la mwisho. Binamu hakuwa ameniona tangu upasuaji, nami niliona aibu kumweleza habari za shavu langu. Kosa ni langu kabisa.

Wageni walikula, wakanywa uji, wakauliza kama harusi inaweza kuwa Desemba. Binamu akanigeukia. Wakati huo huo akina mama jikoni walikuwa wamefungua mablanketi aliyoletewa mke wangu, wakapiga vigelegele. Jicho langu likafumba, likafumba tena.

"Baba amekubali!" binamu akatangaza, na wazee wakapiga makofi.

Neno likishapigiwa makofi, kulirudisha ni faini ya mbuzi na aibu juu yake. Nilisimama hata hivyo. Nikasema aliyekubali si mimi, ni waya.

"Mwalimu," mzee mmoja wa Embu akasema, "sisi tumeona na macho. Ama hiyo waya ndiyo inaozesha msichana?"

Walicheka, na hata mimi ningecheka. Nikaomba binti yangu aitwe. Alikuja mikono ikidondoka maji ya vyombo.

"Waambie lile uliloniambia."

Akawatazama wazee. "Huyu kijana nampenda. Lakini nataka kumaliza chuo kwanza. Desemba haiwezekani."

Kwa kila neno jicho lilipiga, na shavu likapanda mpaka mate yakanitoka pembeni ya mdomo. Kicheko kikaisha. Yule mzee wa Embu akainama kunitazama vizuri.

"Inauma?"

Nilikuwa nimechoka kusimama na kila mtu ananitazama. "Inauma," nikasema.

Harusi ikaahirishwa na mbuzi nikatoa. Lakini binti yangu alikuwa amesikia. Tangu siku ile akija nyumbani alinisalimia kwa mkono na kunyamaza. Akiwa chuoni alinitumia ujumbe wa maandishi, hata wa kuniuliza kama nimekula. Nilimwambia haiumi sana. Akaniandikia, nikiwa nimeketi mbele yake: "Baba, hapana." Nilikasirika kuliko nilivyokasirikia uziwi. Nilikuwa na masikio, na mtu niliyeyatafutia alikuwa ameacha kuongea.

Baada ya miezi miwili nilirudi kwa mtaalamu, nikamwambia avizime vile vituo vya katikati. Uso ukatulia. Binti yangu akaanza kuongea tena, kwa sauti bapa ya mwanamke nisiyemjua, na mpaka leo sijaizoea.

Siku ya harusi yake, chuo kikiwa kimeisha, aliinama akaniambia kitu sikioni katikati ya vigelegele. Sikushika hata neno moja. Jicho lilikuwa limetulia tuli, kwa hiyo nililifumba mwenyewe, nikamkonyeza.