Upande wa Bibi Harusi Alikuwa Mbwa

Seni ni kaka yangu, tumbo moja, na mpaka leo sijamsamehe. Nasema mapema ili usije ukakaa hapa jikoni kwangu Iringa ukila wali wangu, huku unangoja nifike mahali pa kulia na kupatana. Sifiki huko. Wanaotaka habari za kupatana waende kanisani, kule zipo nyingi.

Naitwa Nyamizi, binti Bujiku. Sisi ni Wasukuma wa Shinyanga. Tulishuka Usangu, upande wa Rujewa, baba akifuata majani ya ng'ombe, akafa hata miti ya zizi jipya haijakauka. Mkubwa wa boma akabaki Seni. Anayemfuata ni dada yetu Ng'washi, halafu mimi.

Kwetu ng'ombe wanaotoka kwa mume wa dada ndio kaka anaochukua kwenda kuolea. Ng'washi akaolewa ng'ambo ya mto, Seni akapokea ng'ombe, na hata hawajaizoea njia ya kisimani akawaswaga kwenda kumtolea mahari mke wake. Mpaka hapo simlaumu, kila mtu hufanya hivyo. Lakini yule bwana wa Ng'washi alikuwa mpigaji, na mama mkwe na mawifi walikuwa wakikaa barazani kumsema dada yangu kutwa nzima. Akafuga mbwa jike, rangi ya vumbi, akamwita Hamchoki. Kila jioni alisimama uani akamwita mbwa wake kwa sauti, wale barazani wasikie. Tena jina alilitoa kwa Kiswahili makusudi, maana kijiji kile kilikuwa na Wasangu, Wahehe na sisi, na yeye alitaka asibaki mtu wa kutafsiriwa. Zaidi ya hapo hakuwa na pa kumjibia mtu.

Siku moja akaja nyumbani mkono umevunjika, mbwa nyuma yake. Akamwambia Seni kwamba amemaliza, harudi tena kwa yule mtu. Seni akamweleza kwamba akikaa, yule bwana atadai ng'ombe wake, na ng'ombe wameshakwenda kwa wakwe, kwa hiyo mke wa Seni itabidi arudishwe kwao. Halafu akamwuliza, "Sasa unataka mimi nilale na nani?"

Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa dada yangu, mkono umefungwa vijiti na kitambaa. Asubuhi Seni akamsindikiza mwenyewe. Mimi nilibeba kibuyu cha maziwa mpaka mtoni, nikarudi.

Ng'washi hakuyafikia mavuno ya mpunga. Wakasema ameteleza kisimani. Mtu akiteleza kisimani hatoki na mistari ya fimbo mgongoni, na mimi ndiye niliyemwosha, kwa hiyo asinidanganye mtu. Seni akala nyama ya msiba, akapangusa mikono kwenye majani. Hamchoki alivuka mto mwenyewe akaja kulala mlangoni kwangu, na tangu siku hiyo Seni hakupita karibu yake bila kungurumiwa. Mimi sikunguruma. Nilikata shauri moyoni tu kwamba huyu mtu hatapata ng'ombe kwa ajili yangu, hata mkia.

Wachumba walikuja. Seni alikuwa anataka mke wa pili, binti wa mzee Ndalahwa, na ng'ombe wa kumwolea walikuwa ni mimi. Kila aliyekuja nilimfukuza kwa mdomo wangu. Mmoja nilimwambia nakojoa kitandani. Mwingine nilimwambia nimeota nimemzika. Seni akanichapa, nikatulia, akaja mwingine, nikamfukuza vilevile. Nikaanza kuitwa kichaa, na jina hilo nililipenda kwa sababu lilimkera.

Halafu akaja Lutengano, na huyo hakuja kuposa. Alikuwa fundi kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Rujewa, kijana wa kule juu Matamba, kwenye baridi. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la pumba saa zote. Nilipompelekea mpunga alimpa Hamchoki maji kwenye kopo kabla hajanisalimia mimi, na nikawa nimekwisha. Sitaongeza maneno. Nilimpenda yule mtu mpaka nikawa napeleka mpunga ambao ulishakobolewa.

Nilimwambia habari zote za Ng'washi. Nikamwambia kama ananitaka, anitoroshe, na baba yake asitoe hata ndama. Alipangusa pumba kwenye nyusi kwanza, ndipo akasema sawa. Ile sawa iliyochelewa ndiyo ningeiuliza. Sikuiuliza, nilikuwa na furaha.

Basi tukaanza kula njama. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Kanisa la kwao Matamba lilikuwa limeanguka ukuta kwa mvua, watu wakisali nje kwenye majani, na Mchungaji Sedekia alikubali kunibatiza asubuhi na kutufungisha ndoa adhuhuri palepale mlimani. Mafundisho ya ubatizo nilikuwa nayafuata kwa mwinjilisti pale Rujewa, nyumbani wakidhani nakaa foleni ya mashine. Matangazo ya ndoa yatasomwa huko huko juu, ambako mtu wa bondeni hapandi bila shida. Gauni la krimplini nililishona kwa siri kwa fundi wa Ilomba, likaja Rujewa ndani ya gunia la pumba. Kwenda tungepanda lori la mchele mpaka Chimala, halafu mlima tuupande kwa miguu.

Kilichotusumbua ni mbwa. Lutengano alitaka tumwache kwa jirani, tumfuate baadaye. Nikamwambia haiwezekani. Nikimwacha huru atanusa nyayo zangu na kumpandisha Seni mlima mzima mpaka madhabahuni. Nikimfunga atabweka mpaka boma zima lijue nimeondoka. Na zaidi ya yote, bibi harusi lazima awe na watu wa upande wake, na mimi upande wangu ulikuwa ni huyo. Mchungaji alipoletewa habari akasema mbwa hahudhurii ibada. Nikamjibu kupitia Lutengano kwamba ibada iko nje, na nje ni kwa mbwa tangu zamani. Akakubali, ila afungwe kamba.

Siku ilipofika nilitoka kama naenda kuteka maji, nikamkuta Lutengano kwenye lori. Dereva wa lori alipomwona mbwa akagoma. Nikamwambia basi nashuka, na mashine ikiharibika asimtafute Lutengano. Akafunua turubai, Hamchoki akalala juu ya magunia akitazama barabara. Pale Chimala tukaanza kupanda. Wewe hujaupanda mlima ule. Unapinda, unapinda tena, na kila ukigeuka Usangu yote iko chini yako, mashamba ya mpunga yanang'aa, na maboma ya ng'ombe madogo kiasi cha kuyafunika kwa kidole gumba. Nilifunika la Seni. Nilicheka njia nzima, Lutengano akanitazama bila kucheka.

Asubuhi ya harusi kulikuwa na ukungu. Nilibatizwa kwa maji yaliyonitoa machozi kwa ubaridi, nikavaa gauni langu, juu nikajifunga shuka la mama yake Lutengano. Yeye alivaa suruali ya bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni vya soli ndefu, ambavyo havikufaa kabisa kwenye matope. Watu wa kwao walisimama upande mmoja, wazee wa koti, akina mama wa mablanketi, wakiimba. Upande mwingine tulikuwa mimi na Hamchoki, kamba yake mkononi mwangu. Akina mama walinionea huruma. Mimi nilijiona tajiri.

Mchungaji akafungua kitabu, na Hamchoki akanguruma.

Sikuhitaji kugeuka, kwa sababu mbwa yule alikuwa na mtu mmoja tu wa kumngurumia. Lakini nikageuka. Katikati ya wazee wa Matamba, amevaa koti refu la baridi la kuazima, alisimama Seni. Alikuwa anatabasamu. Baba yake Lutengano akamshika mkono akamleta mbele, akamtangaza kuwa ndiye mkwe mwenzao, mwenye mtoto, watu wakampigia makofi. Seni akaja akasimama upande wangu. Upande wa bibi harusi.

Nilimwomba mchungaji ruhusa, nikamvuta Lutengano pembeni kwenye mikaratusi. Sikupiga kelele. Nilimwuliza wametoa ng'ombe au hawakutoa. Akasema wametoa, yeye na baba yake, wiki zilizopita. Seni aliwapokelea Chimala, na ndiyo ile safari aliyotuaga kuwa anakwenda mnadani. Seni mwenyewe ndiye aliyeomba iwe siri, kwa sababu nikijua nitakataa, na pia kwa sababu harusi ya kutorosha haimlazimu mwenye mtoto kuchinja hata mbuzi. Baba yake Lutengano naye alitaka mwenye mtoto aonekane mlimani, asije kukana baadaye.

"Nyamizi, sikiliza," Lutengano akasema. "Nimewauliza wazee wenu wa Rujewa. Nikikuchukua bila ng'ombe, watoto wetu si wangu. Ni wa Seni. Tukizaa binti, siku ya kuolewa kwake ng'ombe wanakwenda kwa Seni. Ulitaka hivyo?"

Ni kweli. Ni desturi yetu, naijua tangu nanyonya, na katika hasira yangu yote sikuikumbuka. Mgeni wa mlimani ndiye aliyeikumbuka. Nilikuwa nimejipangia kisasi ambacho kingempa Seni binti zangu mmoja mmoja. Nikitolewa ng'ombe, Seni anakula. Nisipotolewa, anakula zaidi, anakula mpaka uzeeni. Nilimtazama Lutengano, viatu vimejaa tope, na niliona kabisa kwamba hakunisaliti. Alinipenda, akafikiri vizuri kuliko mimi. Hilo ndilo lililoniuma.

Ningeweza kuishia hapo, nikaolewa, nikamwachia Mungu. Nilikuwa nimeshageuka kurudi kwa mchungaji kwa nia hiyo. Lakini nilipompita Seni akaninong'oneza, huku anacheka, kwamba nimejisumbua bure na mlima wote huo, ningemwambia tu.

Nikasimama. Nikamwuliza kwa upole, "Kaka, hao ng'ombe wako wapi?"

"Wako kwa Ndalahwa," akasema, na alijivuna kusema. "Naye ameshamwolea mwanawe mke kwa hao hao. Mke wangu anaingia mwezi huu."

Basi nikaelewa nilichopewa. Nikarudi mahali pangu mbele ya mchungaji, nikashika kamba ya mbwa wangu vizuri. Mchungaji akamwuliza Lutengano, akakubali. Akaniuliza mimi kama nakubali kwa hiari yangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Nikasema, "Sikubali."

Akaniuliza tena, alidhani baridi imenifunga ulimi. Nikasema kwa sauti ya kufika nyuma kwa wazee kwamba simtaki, siolewi naye, na ng'ombe wao wakawadai kwa aliyewala. Halafu nikamgeukia Seni. Alikuwa amenywea ndani ya lile koti, midomo inacheza. Nikamwuliza, "Sasa utalala na nani?"

Ah, ule uso. Nimezeeka, nimesahau mengi, sura ya mama yangu mwenyewe inanitoroka siku nyingine. Uso ule wa Seni ninao.

Wazee wa Matamba hawakuwa watu wa mchezo. Walishuka naye siku ileile. Ndalahwa akasema ng'ombe hana, wameshakwenda kwa wakwe wa mwanawe, na binti yake hatamtoa kwa mtu ambaye dada yake anamfedhehesha hadharani. Kwa hiyo Seni akalipa kwa zizi lake mwenyewe, ng'ombe wa Bujiku, wale tuliotoka nao Shinyanga kwa miguu. Mke wake wa kwanza, yule aliyeletwa na ng'ombe wa Ng'washi, alipoona zizi limebaki ndama na vinyesi alirudi kwao mwenyewe. Seni akawa anajipikia. Habari hizo nilizipata hapa Iringa kwa madereva wa malori, na kila dereva aliyenipa nilimwongezea mchuzi.

Lutengano alinisindikiza kushuka mlima ule. Sikumwomba. Alitembea nyuma, mbwa katikati yetu, mpaka barabarani Chimala. Lori la kuja Iringa liliposimama akaniuliza alichonikosea. Nikamwambia hajanikosea kitu.

"Basi kwa nini mimi?"

"Sikuwa na jiwe jingine la kumpiga."

Akamnyanyua Hamchoki akampandisha kwenye lori, akampapasa kichwa, akaondoka bila kuniaga. Baadaye alioa hukohuko kwao. Sikuuliza amezaa wangapi, ingawa madereva wanajua.

Mimi sikuolewa. Walikuja hapa pia, watu wazuri wengine, na kila aliyekuja nilimwona Seni nyuma yake amekaa anangoja, kwa mlango huu au ule. Wanawake wenzangu hapa sokoni huniuliza kama sijutii. Nawaambia wakamwulize Seni, yuko hai, ana fimbo na hana ng'ombe wa kuchunga. Alinichapa, aliniita kichaa, alisimama upande wangu siku ya harusi yangu, lakini kwangu hakupata hata mkia. Wala hatapata kwa binti yangu, maana binti huyo sikumzaa.