Jua Alilolitazama Mama

Kila ninapoingia kwa daktari wa macho, harufu ya spiriti hunirudisha Maskati, asubuhi tuliyokwenda kulitazama jua kwa darubini kubwa ya kale yenye kioo cha kukinga macho. Mtunzaji aliipangusa kwa spiriti kila mtu alipomaliza. Baba alitazama, nikatazama na mimi, kisha mtunzaji akaitia kifuniko kwa mbele ili ipoe kidogo. Mama hakungoja. Alipapasa, akainama, akatia jicho.

“Nnaliona, mashaallah! Jekundu!”

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Baba alikitazama kile kifuniko, kisha akamtazama mama, aliyekuwa bado ameinama akitabasamu.

“Tangu lini?” akamuuliza kwa sauti ndogo.

Mama alinyoosha mkono kunitafuta, upande ambao mimi sikuwapo.