Teke la Chini ya Maji

Hapa Igalula mtu akizama lamboni naitwa mimi, Kornel. Nimekulia Ujiji, ziwani. Wenzangu hapa maji wanayajua ya kwenye ndoo. Wananisifia mpaka kanisani, na sifa hiyo siipendi.

Mwaka wa Olimpiki ya Paris nilikwenda banda la video karibu na stesheni. Wakaonyesha mpira wa majini: saba kwa saba wanarushiana mpira, hakuna anayeruhusiwa kukanyaga chini. Vijana wakadharau, wakasema ni mchezo wa kitoto. Kisha kamera ikaonyesha chini ya maji. Mchezaji mmoja alikuwa amemng'ang'ania mwenzake, na yule akamsukuma kwa teke la kifua, akajinasua, akaibuka. Banda zima likacheka. Mimi nikatoka nje.

Miaka minne kabla ya hapo alizama Emilian, mwanawe Mama Martha, jirani yangu. Nilipomfikia alikuwa hai. Alinikaba shingo, tukashuka wote wawili, nami nikampiga teke la kifua vilevile. Nilipozama kumtafuta tena, alikuwa ametulia. Mama yake nilimwambia nilimkuta keshakufa.

Tangu hapo, kila msimu wa asali ananiletea chupa ya kwanza. Asubuhi iliyofuata siku ile ya banda la video alikuja nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pokea. Wewe ndiye uliyemshika wa mwisho."

Nikaipokea kwa mikono miwili.